Siku Ng'ombe wa Mama Alipotolewa Nje

Mdogo wangu wa mwisho ni mjinga. Nalisema mapema ili mtu asije akahangaika kumtafutia sifa nyingine huko mbele. Ana digrii, ana gari la juu ambalo mama yetu hawezi kulipanda bila kusukumwa mgongoni, ana ofisi Dar es Salaam yenye baridi mpaka watu wanavaa sweta, lakini ni mjinga tu. Na kwa mila za kwetu Uchaggani, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba chake, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Mimi dada yake mkubwa nilipewa baraka. Yeye alipewa mahali pote pa baba yetu kule Masama, pamoja na mama yetu ndani yake.

Baba hakuwa mjinga. Nadhani alikwisha kumsoma mwanawe, maana kabla hajafa alituita wote wawili, akachukua jembe, akapanda mstari wa masale kuanzia ukingo wa jiko la mama mpaka chini karibu na mfongo, ule mfereji wa maji waliouchimba mababu. Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, na kwetu ndio unaoonyesha mpaka. Akatuambia, "Upande huu, jiko na banda la ng'ombe, ni pa mama yenu. Hakuna wa kumgusa hapa mpaka Mungu atakapomwita." Mdogo wangu akaitikia kwa unyenyekevu mwingi. Kwenye kuitikia hajambo kabisa, huyo.

Bandani kulikuwa na ng'ombe mmoja, mweusi mwenye mabaka meupe. Kwetu ng'ombe hachungwi. Anaingia bandani akiwa ndama na anaishi humo, na chakula kinamfuata. Kila asubuhi mama alishuka kukata majani, akapanda nayo kichwani, akakata na mgomba kwa panga, akamwekea. Maji alimletea, mavi alimzolea, na kila jioni alimweleza habari za siku nzima kwa Kichagga. Nakwambia yule ng'ombe alijua mambo ya ukoo wetu kuliko mimi.

Mdogo wangu alitaka mama ahamie Dar. Alikuwa na chumba ghorofani, kina kiyoyozi, kina televisheni. "Mama apumzike," alikuwa akisema, na ukimsikiliza vizuri unagundua anayetaka kupumzika ni yeye, apumzike kuulizwa na watu mama yako yuko wapi. Pia alitaka kihamba chote. Mama alimsikiliza kila mara mpaka mwisho, kisha akamjibu jibu lile lile. "Nikiondoka nani atamlisha ng'ombe? Siku banda hili likiwa tupu, ndipo mtanipakia kwenye gari lenu." Alilisema mbele yangu, akalisema mbele ya mchungaji, na sisi sote tunajua mama akitoa neno halirudishi.

Basi, bwana mkubwa akapata wazo. Angegeuza mahali pa baba kuwa kituo cha watoto wa shule kujifunza kilimo. Jamani! Mtu ambaye tangu akiwa mdogo alikuwa akipata homa kila msimu wa kuchuma kahawa! Akaleta vijana, wakang'oa mibuni ya baba mbele ya nyumba, wakapanda majani mafupi ya bustani ya hoteli kwenye mteremko ule. Na kwa kuwa mstari wa masale ulikuwa ukiziba mandhari, wakaung'oa nao.

Mama alitoka jikoni akasimama akatazama. "Umeng'oa mpaka wa baba yako," alimwambia.

"Mama, hayo ni maua tu," mdogo wangu akasema. "Nitakuletea mengine mazuri zaidi."

Maua! Nilikuwepo. Niliondoka zangu, maana ningekaa pale ningemtukana mtu mwenye watoto.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha darasa la pili kwenye shule moja ya binafsi mjini Moshi, zile za kufundisha kwa Kiingereza, na nimepanga chumba Majengo karibu na msikiti. Nilikuwa sijamwambia mtu shuleni habari za kituo hicho cha mdogo wangu. Lakini yeye mwenyewe aliipata namba ya mwalimu mkuu wetu, na hao wawili wakaelewana mara moja. Mwalimu mkuu wetu ni mama wa kupenda picha. Shule yetu haina maktaba ya kueleweka, ila ukuta wa kupigia picha upo, umechorwa mabawa ya malaika. Nilipomwambia kwamba pale si shamba, ni kiwanja cha kupigia picha, na kwamba watoto wangejifunza zaidi kwa kukaa jikoni kwa bibi zao, alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu," akasema, "usiingize wivu wa kifamilia kwenye taaluma."

Haya.

Sasa fikiria hao watoto wenyewe. Karibu wote ni wa kwetu. Baba anatoka Mwika, mama anatoka Machame, na kila Desemba wanapandishwa mlimani na kulala nyumba moja ukuta kwa ukuta na ng'ombe. Ila kwa wiki nzima kabla ya ziara, grupu la wazazi kwenye simu lilikuwa na hofu ungesema tunawapeleka kumtazama simba aliyetoroka. Mmoja aliuliza kama ng'ombe amechanjwa. Mmoja alitaka watoto wavae barakoa kwa ajili ya harufu. Mwingine, ambaye mama yake mzazi namjua, anauza maziwa kwa chupa ya plastiki pale Boma, aliandika kwamba mwanawe asiguse kinyesi kwa namna yoyote. Kinyesi! Wewe mwenyewe umesomeshwa na hicho kinyesi, leo unakiita kwa jina la hospitali.

Siku ya safari watoto walikuja na mashati meupe. Meupe, kwenda bandani. Mwalimu mkuu alisema yanapendeza kwenye picha.

Tulipofika mdogo wangu alikuwa getini. Alivaa kofia pana ya watalii, buti za mvua ambazo kibandiko cha dukani kilikuwa bado kwenye kisigino, na mkononi ameshika spika ya kutangazia, wakati watoto walikuwa mbele yake umbali wa kutemeana mate. "Karibuni shambani!" akapayuka. Watoto wa mbele wakaziba masikio.

Mama alitoka jikoni na kitenge chake kizuri. Watoto wakamwona, na bila kuambiwa na mtu wakaimba kwa pamoja, "Shikamoo Bibi!"

"Marahaba wajukuu zangu. Hamjambo?"

Kabla hawajajibu, mwalimu mkuu akapiga makofi. Leo ni siku ya masomo, akasema, kwa hiyo Bibi asalimiwe kwa Kiingereza. Wakamsalimia kwa Kiingereza. Mama, ambaye hakielewi, akawajibu marahaba tena, na nadhani yeye ndiye pekee aliyekuwa na adabu pale uwanjani. Alikuwa amewachemshia ndizi, sufuria kubwa, kaamka nazo alfajiri. Mwalimu mkuu akashukuru sana akasema watoto wana vitafunwa vyao vilivyothibitishwa na wazazi. Watoto wakakaa kwenye majani ya hoteli wakala biskuti na juisi za boksi, huku harufu ya ndizi ikiwapita puani. Niliwaona wanavyoigeukia. Niliingia jikoni nikala sahani mbili kwa hasira.

Somo la kwanza lilikuwa mashine. Mdogo wangu alikuwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, ya umeme, nyekundu, na nakiri ilikata vizuri. Aliingiza vipande vya mgomba, vikatoka upande wa pili vimesagika, na watoto wakashangilia. Pia alikuwa na pawatila, yaani lile trekta dogo unalolisukuma kwa mikono. Jambo ambalo hakuwaeleza ni kwamba kihamba hakilimwi kwa pawatila. Utalima wapi, katikati ya mgomba na mgomba, kwenye mteremko ambao hata kuku anapanda kwa kujishikilia? Pawatila ile haikuwahi kulima hata tuta moja. Ilikuwa inafutwa vumbi tu.

"Na chakula hiki ni cha nani?" akauliza kwa spika.

"Cha ng'ombe!" watoto wakajibu, kwa Kiswahili, na mwalimu mkuu akakunja uso.

Wakashuka bandani kumwona. Banda la mama ni la mbao, dogo, lina giza, lina joto la mnyama. Watoto waliingia kwa zamu, na humo ndani, nawaambia ukweli, ndimo somo lilimofanyika. Mama aliwashika mikono mmoja mmoja akawawekea kwenye tumbo la ng'ombe. Ng'ombe alikuwa na mimba kubwa. Ndama akisukuma kwa ndani, mtoto anapiga kelele, mwenzake nje anauliza nini, nini, na foleni yote inasukumana. Kasichana kamoja kenye pengo la meno ya mbele kalikataa kutoka. Kalisema kanamsubiri ndama apige tena. Hakuna aliyekumbuka kuziba pua.

Ila mwalimu mkuu aliikumbuka ya kwake. Alisimama nje, leso puani, na mpiga picha wake pembeni akilalamika kwamba humo ndani hakuna mwanga. Akafungua kitabu cha watoto. Kulikuwa na picha ya ng'ombe amesimama kwenye uwanja wa kijani, juu yake anga la bluu, na ua la njano karibu na mguu. "Kwenye kitabu yuko nje," akasema. "Watoto watachanganyikiwa."

"Tumtoe," akasema mdogo wangu.

Hivyo tu. Kama mtu anayetoa kiti.

"Huyo hatoki," mama akamwambia, kwa upole, maana alidhani mtoto wake hajui. "Hajawahi kutoka tangu aingie. Kwato zimerefuka, mteremko haujui, na ana mimba. Mwache."

"Mama, ng'ombe ni mnyama wa nje. Dunia nzima ng'ombe wako nje."

"Mwache ng'ombe wa mama," nikasema.

Akaishusha spika kwa mara ya kwanza siku ile. "Dada, wewe fundisha darasa la pili. Hapa niachie mimi."

Akaingia, akafungua kamba. Mama alisimama mlangoni kwa muda kidogo, kisha akapisha, kwa sababu wageni walikuwa wanatazama na hakutaka kugombana na mwanawe mbele ya watoto wa watu. Heshima aliyompa mjinga yule siku ile bado inanichoma.

Ng'ombe alitoka akasimama juani. Alifumba macho, akafumbua, akafumba. Miguu ilimtetemeka. Majani yalikuwa yamemwagiliwa asubuhi yang'ae kwenye picha, na kwato zake ndefu zikawa zinateleza hata akiwa amesimama. Chini ya miguu yake kulikuwa na majani mabichi ya kumtosha mpaka jioni, naye hakuinama hata kidogo. Alikuwa anatazama jikoni.

"Mwalimu," kenye pengo kakaniuliza, "mbona hali?"

"Anasubiri aletewe," mwenzake akamjibu. "Si kazoea kuletewa na Bibi?"

Mtoto wa darasa la pili, jamani. Alichukua dakika moja kumwelewa mnyama ambaye mwenye shamba hakumwelewa kabisa. Mdogo wangu alikuwa anavuta kamba kuinamisha kichwa cha ng'ombe kwenye majani, ili mpiga picha apate anakula. Hakupata. Basi akaja na lingine: mnyama na mashine kwenye picha moja. Akampa mwalimu mkuu kamba aishike, na yule mama akaipokea kwa vidole viwili, akatabasamu kwa kamera, huku viatu vyake vyenye visigino vikizama kwenye matope. Mdogo wangu akaenda kuwasha pawatila.

Mimi nilipiga kelele. Niliita jina lake la utotoni, la Kichagga, ambalo hapendi lisikike. Hakugeuka.

Pawatila ikalipuka kwa kelele na kutoa moshi mweusi. Ng'ombe aliruka. Mwalimu mkuu akaachia kamba na kujitupa nyuma, na ng'ombe akaanza kushuka. Hakuwa anakimbia, alikuwa anateleza, miguu minne imetanuka, yale majani ya hoteli yakimpeleka chini na hakuna kitu cha kumzuia. Mibuni iliyokuwepo pale ingemzuia. Pale chini kabisa, ambapo mstari wa masale wa baba ulikuwa umesimama mnene miaka yote hata kuku hapenyi, palikuwa peupe. Akapita hapo akaanguka mfongoni.

Alijaribu kuinuka. Mguu wa mbele ulikuwa unaning'inia.

Mama alishuka kwa makalio, na kitenge chake kizuri, akaingia majini akamshika kichwa asinywe maji. Alikuwa anamwambia maneno yale yale ya kila jioni, kwa sauti ile ile. Mdogo wangu alisimama juu na kofia yake. Pawatila ilikuwa bado inanguruma, hajui hata kuizima.

Mwalimu mkuu akapiga makofi. "Watoto, kwenye basi! Tuimbe!" Na wakaimba, wengine wakilia, wimbo wa Kiingereza wa mkulima mwenye wanyama wengi wenye afya. Nilikuwa wa mwisho kupanda, kwa sababu kenye pengo kalikuwa kameshikilia nguzo ya geti hakataki kuachia.

"Mwalimu," kakasema, "sasa Bibi atampelekea nani majani?"

Mjomba yeyote, baba yeyote, profesa yeyote angeuliza mguu umevunjika wapi. Kale katoto kaliuliza swali lenyewe.

Bwana mifugo alikuja jioni, akatazama, akatikisa kichwa. Walimchinja pale pale. Ndama alitolewa tumboni amekufa, naye alikuwa jike. Mdogo wangu hakuyaona hayo, alikuwa na kikao Dar asubuhi yake, alishaondoka. Usiku grupu la wazazi lilijaa picha: watoto wakicheka, mashine nyekundu, ng'ombe juani. Chini yake mwalimu mkuu ameandika kwamba ziara imefana. Wazazi wakapiga makofi ya kwenye simu, safu nzima ya viganja. Kesho yake nikawaambia watoto wachore walichokiona shambani, na karibu wote wakachora ng'ombe amelala kwenye maji na mtu kamshika kichwa. Mwalimu mkuu akapita, akaona, akasema wachore upya kitu chenye furaha. Nikazibandika picha zao zote ukutani, juu ya mabawa ya malaika. Hatusalimiani mpaka leo na wala sipungukiwi.

Wiki haikuisha, mdogo wangu akapiga simu.

"Dada, nimeumia sana," akaanza. "Lakini tuangalie na upande mwingine. Banda sasa liko tupu. Mama alisema mwenyewe. Nakuja Jumapili kumchukua. Kile chumba nimekipaka rangi upya."

Unaona? Sijui kama alimtoa ng'ombe kwa makusudi. Sidhani, makusudi yanahitaji akili. Ila alipoona faida aliichukua haraka, hata ngozi ya ng'ombe haijakauka. Nilimpigia mama. Nikamwambia asimjali, neno alilolitoa lilikuwa la utani tu, hakuna atakayemdai. Mama akanikatiza. "Nilisema kweli," akasema. "Mwache aje." Usingizi uliniruka siku zote zilizobaki. Akilini nilimwona mama ghorofani kule, amekaa kitandani na kiyoyozi, hana wa kumweleza habari za jioni.

Jumapili nilifika Masama baada ya ibada, na gari la juu lilikuwa tayari uwanjani. Roho ikaniuma kabla sijashuka kwenye bodaboda: kwenye benchi la jikoni palikuwa na furushi kubwa, limefungwa kwa shuka kuukuu, na mama amekaa pembeni yake na kitenge kilichofuliwa, mikono mapajani.

Mdogo wangu alishuka garini amevaa suti. Na mikononi, sikiliza hili, alikuwa amebeba isale. Kwetu ukimkosea mtu unamchukulia jani la isale, na anayeletewa isale hakatai kusamehe. Hilo mjinga alilikumbuka. Lakini isale la msamaha ni jani, unalikata shambani, unakwenda nalo kichwa chini. Yeye yake aliyang'oa yote. Kwa hiyo alisimama kwa wauza maua wa barabarani kule mjini akanunua mche mzima, umekaa kwenye chungu cha plastiki cheupe, na udongo wake, na mizizi yake, na utepe mwekundu wameufunga shingoni.

Akapiga magoti kwa kuangalia suruali isichafuke. "Mama, nimekosa. Nisamehe."

Mama alikipokea chungu kwa mikono miwili. Alikitazama muda, akaingiza kidole kwenye udongo. "Nimekusamehe," akasema. Na alimaanisha, namjua. Mimi nilitaka kulia.

Mdogo wangu akainuka, uso umemkunjuka, akalikamata lile furushi akalibeba begani kuelekea garini. Maji yakamchuruzika kwenye suti.

"Unalipeleka wapi?" mama akamwuliza.

"Kwenye gari, Mama. Si nguo zako hizi?"

"Hayo ni majani. Peleka bandani."

Tukashuka wote watatu, yeye mbele na mzigo. Bandani, gizani, alisimama mtamba wa rangi ya kahawia, mdogo, mbavu zinahesabika, akatugeuzia kichwa. Mdogo wangu akabaki na furushi begani.

"Wa nani huyu?"

"Wa jirani, wa ng'ambo ya mfongo. Nilikwenda kumwomba. Namlisha mimi. Ndama wake wa kwanza ni wa jirani, wa pili ni wangu."

Hapo ndipo alipolia, mheshimiwa. Kwa yule aliyechinjwa hakulia. "Mama! Mama yangu mimi afuge ng'ombe wa watu? Kama maskini? Watu watasema nini?"

"Watasema nafuga," mama akajibu. "Fungua hayo majani, ana njaa."

Akafungua. Akamwekea, kwa suti yake, kwa mikono yake ya ofisini, nami nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka lilipoisha jani la mwisho. Sijawahi kufurahia ibada kama ile. Kisha mama akaniambia nimletee jembe. Akatoka mpaka kwenye ukingo wa majani ya hoteli, pale mstari wa baba ulipokuwa umeanzia, akachimba shimo, akautoa mche kwenye chungu, akafungua ule utepe akauweka mfukoni, akaupanda mche, akaukandamiza udongo kwa mguu.

"Baba yako angeniletea jani," akamwambia mwanawe. "Wewe umeniletea lenye mizizi. Ahsante. Huku ni kwangu, huko ni kwako na mashine zako. Ukija kunisalimia, pita njia ya jikoni."

Akajifuta mikono, akamrudishia chungu cheupe kikiwa kitupu. Mdogo wangu alikipokea. Alitafuta pa kukiweka, hakupapata, akaondoka nacho Dar es Salaam kwenye kiti alichomwandalia mama.